Vitanda vingapi, vifo vingapi, kufikia lini: mwongozo kamili wa kukadiria makali ya janga kabla halijafika kilele

Mganga mkuu hakuulizi kirusi kina umbo gani. Anakuuliza: tutahitaji vitanda vingapi, kufikia lini, na mochwari itatosha? Halafu anakupa siku mbili.

Mwongozo huu ni wa huyo aliyepewa siku mbili, awe mtu wa takwimu, muuguzi kiongozi, mfamasia wa hospitali au mratibu wa maafa. Hahitaji shahada ya hisabati. Anahitaji lahajedwali, kuzidisha na kugawanya, na ujasiri wa kuandika dhana zake mahali ambapo wenzake wataziona na kuzipinga.

Nitang'ang'ania jambo moja tangu mwanzo. Makadirio ni mtumishi wa uamuzi. Namba iliyokosea kidogo lakini ikafanya oksijeni iagizwe wiki tatu mapema imefanya kazi yake. Namba sahihi kabisa iliyofika wiki moja baada ya mitungi kwisha ni historia.

Kwanza tenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku

Kuna utabiri, na kuna hali ya kudhania. Utabiri unasema: wiki mbili zijazo tutalaza wagonjwa kati ya 150 na 260. Hali ya kudhania inasema: ikiwa mtu mmoja kati ya wanne ataugua na tukakaa mikono mifukoni, basi itakuwa hivi.

Septemba 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilitoa hesabu kwamba Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1.4 kufikia tarehe 20 Januari 2015, baada ya kufidia wasioripotiwa, kama mwenendo ungebaki vilevile bila hatua za ziada. Janga lilipokwisha, wagonjwa walioripotiwa katika nchi zote zilizokumbwa walikuwa takriban 28,600 na vifo zaidi ya 11,300. Wengi walicheka. Lakini ile haikuwa ahadi kwamba milioni 1.4 wataugua. Ilikuwa "tusipobadilika", na watu walibadilika: vituo vya matibabu vilijengwa, mazishi yakafanywa kwa usalama, misaada ikaingia. Ukiona wingu ukaanua nguo, halafu nguo zisilowe, hujadanganywa na wingu.

Kwa hiyo juu ya kila ukurasa utakaoandika, weka neno moja kati ya mawili: UTABIRI au HALI YA KUDHANIA. Usimwachie msomaji akisie.

Hatua ya 1: Anza na vitakavyokwisha

Kabla ya kufungua lahajedwali, chukua karatasi uorodheshe kila kitu kinachoweza kwisha: vitanda vya wodi, vitanda vya wagonjwa mahututi, oksijeni, vifaa kinga, dawa za msingi, wauguzi wa zamu ya usiku, nafasi za mochwari. Mbele ya kila kimoja andika namba mbili: kiasi kilichopo leo, na siku zinazopita tangu kuagiza hadi kifike mlangoni.

Hiyo namba ya pili ndiyo itakayokuongoza. Kitu kinachofika kwa siku 3 kinahitaji utabiri wa siku 3 mbele. Kinachochukua wiki 6 hakisubiri utabiri, kinaagizwa kwa hali ya kudhania. Nimeona watu wakibishana saa nzima kama asilimia ya vifo ni 0.8 au 1.1, na hakuna aliyekuwa amempigia simu msambazaji wa mitungi kumuuliza inachukua siku ngapi.

Hatua ya 2: Gawa watu kwa umri

Idadi nzima ya watu haikusaidii sana. Magonjwa hayaui kwa usawa. Korona iliwaelemea wazee, na mafua ya 1918 yaliua kwa wingi usio wa kawaida vijana wa miaka 20 hadi 40, watu ambao mafua ya kila mwaka huwaacha. Ukitumia wastani mmoja kwa wote, eneo lenye vijana wengi na eneo lenye wazee wengi yatakupa jibu moja, na jibu hilo litakuwa limeyapotosha yote mawili.

Tuchukue eneo la mfano lenye watu 200,000. Wenye miaka 0 hadi 19 ni 80,000, wenye 20 hadi 59 ni 100,000, na wa miaka 60 na zaidi ni 20,000. Ukiweza, ongeza safu ya wenye kisukari, pumu, shinikizo la damu na wajawazito. Usipoweza, makundi matatu ya umri yanatosha kuanzia.

Hatua ya 3: Amua wangapi wataugua

Hapa kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kutumia viwango vya mipango. Mwaka 1999 watafiti wa CDC walikadiria athari za janga la mafua kwa Marekani wakichukulia kwamba asilimia 15 hadi 35 ya watu wangeugua, wakapata vifo kati ya 89,000 na 207,000. Asilimia 15, 25 na 35 zilikuja kuwa viwango vya kawaida katika mipango mingi ya mafua, na ndizo zilizomo ndani ya programu kama FluAid na FluSurge ambazo CDC ilizitoa baadaye. Mimi hupenda kuanza nazo kwa sababu zinamlazimisha mtu kufikiri kwa hali tatu badala ya moja.

Njia ya pili ni kuanzia kwenye kasi ya kuambukiza, yaani mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi pale ambapo hakuna mwenye kinga. Hesabu hizi zina asili katika kazi ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, iliyogawa watu katika wasioambukizwa, wanaoambukiza na waliokwisha kutoka, yaani waliopona au kufariki. Kama mmoja anaambukiza 1.5 na hakuna anayebadilisha mwenendo, karibu asilimia 58 ya watu wataambukizwa kabla moto haujazima. Akiambukiza 2, ni asilimia 80. Akiambukiza 3, ni 94.

Namba hizo zinatisha, na zinapaswa kusomwa kama dari. Watu halisi huogopa, hufunga shule, huacha kukumbatiana, hukaa nyumbani. Janga la 1918 linakadiriwa kuwa liliambukiza takriban theluthi moja ya wakazi wa dunia. Tena kuambukizwa si kuugua: wengine hawapati hata kikohozi. Ukichanganya "walioambukizwa" na "waliougua" katika safu moja, kila kitu kinachofuata kitaharibika. Chagua kimoja, kiandike juu ya safu, usibadilishe katikati.

Katika mfano wetu tunatumia waliougua, asilimia 25 kwa kila rika. Hao ni watu 50,000.

Hatua ya 4: Wangapi watalazwa, wangapi watafariki

Sasa kila rika linapewa viwango vyake. Vilivyo hapa chini nimevichagua kwa ajili ya zoezi. Wewe utaweka vya ugonjwa ulio mbele yako, kutoka eneo lililotangulia kukumbwa.

| Umri | Watu | Waliougua | Kulazwa | Watakaolazwa | Kufariki | Watakaofariki |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 0–19 | 80,000 | 20,000 | 0.5% | 100 | 0.02% | 4 |
| 20–59 | 100,000 | 25,000 | 2% | 500 | 0.2% | 50 |
| 60+ | 20,000 | 5,000 | 12% | 600 | 3% | 150 |
| Jumla | 200,000 | 50,000 | | 1,200 | | 204 |

Tazama safu ya mwisho. Wazee ni mtu mmoja kati ya kumi, lakini wanabeba karibu robo tatu ya vifo vyote. Ukiwa na chanjo au barakoa chache, jedwali limeshakuonyesha pa kuanzia.

Rudia kwa asilimia 15 na 35. Kwa 15 utapata waliolazwa 720 na vifo kama 122. Kwa 35, waliolazwa 1,680 na vifo kama 286. Hizo ndizo hali zako tatu. Zipe majina mepesi kama "ya chini", "ya kati" na "ya juu". Ukiziita "nzuri" na "mbaya", kikao chote kitachagua nzuri.

Hatua ya 5: Sambaza wagonjwa kwenye wiki

Wagonjwa 1,200 wakija kwa mwaka mzima, hospitali haitashtuka. Wakija kwa wiki 12 ni habari nyingine, kwa hiyo hatua hii ndiyo moyo wa kazi. Na ndiyo hurukwa zaidi.

Chora wimbi. Kwa wimbi la wiki 12 unaweza kuanza na mgawanyo huu wa asilimia, wiki ya kwanza hadi ya mwisho: 1, 3, 5, 9, 13, 17, 17, 13, 10, 6, 4, 2. Hakikisha jumla ni 100. Zidisha kila wiki kwa 1,200 utapata waliolazwa: 12, 36, 60, 108, 156, 204, 204, 156, 120, 72, 48, 24.

Kisha geuza kulazwa kuwe vitanda. Kanuni ni moja, iandike ukutani: wanaolazwa kwa siku, mara siku wanazokaa, ndivyo vitanda vinavyohitajika. Tuseme asilimia 15 ya waliolazwa huwa mahututi na hukaa siku 10, na waliobaki hukaa siku 7. Wiki ya kilele wanalazwa 204. Wa wodi ya kawaida ni 173 kwa wiki, na kwa kuwa wanakaa wiki moja, wanahitaji vitanda 173. Mahututi ni karibu 31 kwa wiki, mara 10, gawanya kwa 7: vitanda 44. Jumla ni 217.

Sasa fanya zoezi ambalo kwangu mimi lilibadilisha namna ya kutazama kazi hii yote. Chukua wagonjwa walewale 1,200, uwabane kwenye wimbi la wiki 8 ambalo wiki ya kilele inabeba asilimia 25. Wanalazwa 300 kwa wiki: vitanda 255 vya wodi na 64 vya mahututi, jumla 319. Kisha rudi kwenye hali ya juu, ile ya asilimia 35, kwa wiki 12: wodi 243, mahututi 61, jumla 304.

Umeona? Wagonjwa 50,000 wanaougua kwa wiki 8 wanadai vitanda vingi kuliko wagonjwa 70,000 wanaougua kwa wiki 12. Bishaneni kuhusu idadi mpendavyo, lakini kasi ndiyo inayovunja hospitali. Ndiyo sababu hatua za kupunguza kasi zina thamani hata pale ambapo hazipunguzi jumla ya wagonjwa kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 6: Tafuta wiki ya kufurika, achana na kilele kwanza

Kila mtu huuliza kilele ni lini. Swali lenye faida ni vitanda vinakwisha lini.

Tuseme hospitali ya eneo letu ina vitanda 150, na siku za kawaida 110 vina watu. Janga halizuii akina mama kujifungua wala pikipiki kugongana. Vilivyo wazi ni 40. Ukiahirisha upasuaji usio wa dharura unapata labda 30 vingine, jumla 70.

Kwa hali ya kati, wiki ya 2 unahitaji vitanda 38, ya 3 vitanda 64, ya 4 vitanda 115. Kilele ni wiki ya 6, lakini vitanda vinakwisha mwanzoni mwa wiki ya 4, na unaingia kwenye 30 vya akiba tangu wiki ya 3. Sasa chukua orodha yako ya hatua ya 1 urudi nyuma. Kama kufungua wodi ya muda kunachukua wiki 3, uamuzi unatakiwa wiki ya kwanza, wakati hospitali ina wagonjwa 12 tu wa janga na kila mtu anakuona unakuza mambo.

Oksijeni, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea kwa mbali

Mgonjwa mmoja anayepewa lita 5 kwa dakika anatumia lita 7,200 kwa siku. Mtungi mkubwa wa kawaida hubeba lita 6,800. Kwa hiyo mtungi mzima, ule ambao mtu mmoja hawezi kuunyanyua, haumalizi hata siku moja kwa mgonjwa mmoja asiye mahututi. Unakata kama saa moja na dakika 20 kabla ya siku kutimia, mara nyingi usiku, wakati aliyebaki zamu ni muuguzi mmoja na ufunguo wa stoo uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani.

Endelea na hesabu. Wodini wiki ya kilele kuna 173. Tuseme asilimia 60 wanahitaji oksijeni: ni watu 104, mara lita 7,200, gawanya kwa 6,800, ni mitungi 110 kwa siku. Mahututi 44 kwa lita 15 kwa dakika wanakula mitungi 140. Jumla 250 kila siku. Mtu akisikia namba hiyo huwa anaomba uirudie hesabu. Irudie mbele yake. Baada ya hapo mazungumzo huhama yenyewe kutoka kwenye mitungi hadi kwenye mtambo wa kuzalisha oksijeni, mabomba ya ukutani, na mafundi wa kuyatunza.

Wafanyakazi nao ni watu

Vitanda havimhudumii mgonjwa. Kama asilimia 30 ya wauguzi wataugua katika wimbi zima, na kila mmoja akakaa nyumbani wiki 2, basi wiki za 6 na 7 zikiunganishwa zinabeba asilimia 34 ya wote watakaougua. Asilimia 34 ya 30 ni karibu 10. Kati ya wauguzi 120, wanakosekana 12 kwa wakati mmoja, bado hujahesabu wenye watoto ambao shule zimefungwa, na walioogopa. Kwa mipango mimi huongeza nusu tena juu ya hiyo, na sijawahi kujuta.

Hatua ya 7: Vifo, bila kupepesa macho

Vifo havifuati kulazwa siku hiyohiyo. Kwa korona ya mwaka 2020, waliofariki walichukua kwa kawaida wiki mbili hadi tatu tangu dalili za kwanza. Kwa hiyo safu ya vifo isogeze wiki mbili mbele ya safu ya kuugua. Matokeo yake ni kwamba wiki ambayo wagonjwa wapya wanaanza kupungua na watu wanashangilia ndiyo wiki ambayo mochwari inaelemewa. Waambie watu mapema, vinginevyo wataona umewaficha kitu.

Asilimia 17 ya vifo 204 ni 35 katika wiki ya kilele. Pekee yake haionekani kubwa. Lakini eneo la watu 200,000 lenye vifo 7 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka huwa na vifo 27 kwa wiki hata pasipo janga. Pamoja ni 62. Kama mwili hukaa mochwari siku 3 kwa wastani, nafasi zinazohitajika zinaruka kutoka 12 hadi 27. Na siku hizo 3 zenyewe hurefuka, maana ndugu wamezuiwa kusafiri, mchimba kaburi anaumwa, na karani wa vyeti hayupo. Zikifika siku 6, unahitaji nafasi 53. Mipango ya kuwasitiri marehemu kwa heshima hufanywa kabla, kwa kushauriana na viongozi wa dini na familia. Ikifanywa siku ya msongamano huacha kidonda cha miaka.

Kuna mtego mwingine. Asilimia ya vifo uliyoiweka kwenye jedwali ilitoka mahali ambapo wagonjwa walipata kitanda na oksijeni. Hesabu zako zikionyesha mahitaji yanapita uwezo, basi asilimia hiyo haikuhusu tena. Tengeneza safu ya pili ya vifo kwa wale watakaokosa kitanda, yenye kiwango cha juu zaidi. Tofauti kati ya safu hizo mbili ndiyo hoja yako nzito kuliko zote ukiomba fedha, kwa sababu ni vifo vinavyoweza kuzuiwa.

Hatua ya 8: Janga likishaingia, geukia takwimu zinazokuja

Sasa hali za kudhania zinampisha utabiri wa muda mfupi.

Anza na muda wa kuongezeka maradufu. Gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la kila siku. Wagonjwa wakiongezeka kwa asilimia 14 kwa siku, wanakuwa maradufu kila siku 5. Una vitanda 12 vya mahututi na 3 vina watu? Baada ya siku 5 ni 6, baada ya siku 10 ni 12. Robo tu imejaa, na umebakiwa na siku kumi. Akili ya binadamu haina mazoea ya kuona hivyo, kwa hiyo ichore.

Tumia wastani wa siku 7, maana mwisho wa wiki ripoti hupungua na Jumatatu hufurika. Na ubishane na safu ya tarehe. Nilishawahi kupeleka kikaoni mchoro wa vifo vilivyopanda ghafla, watu wakatoka na nyuso za huzuni. Jioni nikagundua nilitumia tarehe ya kuripotiwa badala ya tarehe ya kifo: kituo kimoja kilikuwa kimetuma mafaili ya wiki tatu kwa mpigo. Tangu siku hiyo safu zangu zina tarehe mbili, na siku 5 za mwisho kwenye mchoro nazipaka rangi ya kijivu kwa sababu hazijakamilika.

Hesabu ya waliopimwa na kukutwa na ugonjwa hupanda na kushuka kwa sababu ya vipimo vyenyewe: vikiisha, "wagonjwa" wanapungua. Waliolazwa ni kipimo kisichodanganya sana. Vifo ni imara kuliko vyote lakini vinachelewa.

Sasa ule mtego maarufu. Leo kuna wagonjwa 1,000 waliothibitishwa na vifo 10. Je, ugonjwa unaua asilimia 1? Waliofariki leo walithibitishwa, tuseme, siku 15 zilizopita. Kama wagonjwa huongezeka maradufu kila siku 5, siku 15 zilizopita walikuwa 125. Kumi kati ya 125 ni asilimia 8. Lakini ngoja: kama waliopimwa ni mmoja tu kati ya kila wagonjwa 10, asilimia hiyo inashuka hadi 0.8. Makosa mawili yanavuta pande mbili tofauti, na mwanzoni mwa janga hujui lipi lina nguvu zaidi. Mwaka 2003, makadirio ya mapema ya SARS yalikuwa karibu asilimia 4. Mwishoni, kwa wagonjwa 8,096 na vifo 774, ilikaribia 10.

Ndiyo maana kundi dogo ambalo karibu wote wamepimwa lina thamani kuliko jiji zima lililopimwa nusunusu. Mapema mwaka 2020 meli ya Diamond Princess, iliyozuiwa Yokohama ikiwa na watu 3,711, ilikuwa maabara ya bahati mbaya ya aina hiyo: 712 walikutwa na maambukizi, wakiwemo wengi wasio na dalili. Abiria walikuwa wazee zaidi ya wakazi wa kawaida, kwa hiyo ilibidi kurekebisha kwa umri. Mantiki ni ileile ya hatua ya 2.

Pembeni, fuatilia vifo vya ziada: hesabu vifo vyote vya wiki, vya sababu yoyote, utoe wastani wa wiki hiyohiyo kwa miaka 5 iliyopita. Havijali nani alipimwa. Kwa miaka ya 2020 na 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9, wakati vilivyoripotiwa kama vya korona vilikuwa milioni 5.4. Huo ndio ukubwa wa kile ambacho ripoti za kila siku hazikukiona.

Hatua ya 9: Kusema namba kikaoni

Usipeleke namba moja. Peleka tatu, zikiwa na dhana zake, na wiki ambayo kila moja inafurisha vitanda. Zizungushe pia: usiandike vifo 286, andika "karibu 300". Tarakimu za mwisho huwapa watu imani ambayo huna.

Na linda hali yako ya juu isitoroke peke yake. Julai 2009, Uingereza ilitangaza kwamba hali mbaya kabisa inayoweza kutarajiwa kwa mafua ya nguruwe ilikuwa vifo 65,000. Vifo vilivyothibitishwa hadi mwisho vilikuwa 457. Namba ya kupangia ilisomwa na wengi kama namba ya kutabiri, na serikali ikaonekana ilipiga kelele bure. Sentensi moja chini ya jedwali husaidia: "Hii ni ya kupangia vifaa. Tunachotarajia ni hiki." Iwe kwenye picha ileile, kwa sababu picha itasambazwa bila maelezo.

Hatua ya 10: Weka daftari la makosa yako

Kila Jumatatu, kabla ya kuandika utabiri mpya, fungua wa wiki mbili zilizopita. Andika ulichosema na kilichotokea. Kama ulisema "kati ya 150 na 260" ukiwa na uhakika wa asilimia 90, basi katika tabiri kumi, tisa ziwe zimeangukia ndani. Zikiangukia sita, mipaka yako ni finyu mno, ipanue. Zikiangukia zote na mipaka ni mipana kama bahari, humsaidii anayeagiza mitungi.

Usiende mbali. Wakati wa korona, vikundi vingi nchini Marekani vilikusanya tabiri zao za vifo mahali pamoja kila wiki. Mchanganyiko wa zote ulikuwa wa kutegemewa kuliko karibu kikundi chochote kimoja, na makosa yaliongezeka kadiri wiki zilivyosogea mbele. Kwa hiyo zaidi ya wiki 4 mbele, rudi kwenye hali za kudhania. Na kama mwenzako ana hesabu tofauti na zako, usimshinde, chukua wastani wa zote mbili.

Wimbi likishuka, usifunge faili. Mwaka 1918 wimbi la kwanza lilipita likiwa jepesi kiasi. La msimu wa vuli ndilo lililoua zaidi, na lingine likafuata mwanzoni mwa 1919. Tumia wiki hizo tulivu kubadilisha viwango vya kubuni vya hatua ya 4 na viwango vya hospitali yako mwenyewe: walikaa siku ngapi hasa, wangapi walihitaji oksijeni, mtungi ulichukua siku ngapi kufika. Kisha hesabu tena wiki ya kufurika, uipeleke kwa mganga mkuu kabla hajaiuliza.